Kigae cha 1865 na watu waliokimbia minyororo

SWALI: Shikamoo mzee. Familia yetu ina nyumba ya zamani hapa Moshi mjini, si mbali na soko kuu. Babu aliinunua mwaka 1958 kwa mfanyabiashara wa Kihindi. Vigae vya paa vina chapa ya 1865. Nyuma kuna chumba cha chini, unaingia umeinama, na ukutani kuna pete mbili za chuma. Shangazi, mwenye miaka themanini na kitu, anasema mama yake babu, aliyezaliwa Kilema kule mlimani, alikuwa akirudia mara kwa mara kwamba “nyumba yetu ilipokea watu waliokimbia minyororo.” Kaka yangu anataka tuweke kibao nje, “Nyumba ya Watoro, 1865”, ili watalii wanaokwenda mlimani waingie kwa kiingilio. Mimi nasita. Je, ni kweli nyumba hii ilihifadhi watu waliokimbia utumwa?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Mwambie kaka asimlipe kwanza mwandika vibao. Simlaumu, maana hadithi hii ina kila anachokipenda mtalii: giza, chuma na mwaka. Tuanze na huo mwaka, ndio mwepesi kuumaliza.

Mtume fundi juu ya paa ashushe kigae kimoja kilicholegea, mkipanguse vumbi, mkisome chote, si tarakimu peke yake. Kama ni vile ninavyovifikiria, mtakuta pia jina la misheni ya Basel na jina la mji wa Mangalore. Mwaka 1865 ndio ambao wamisionari wa Basel, kutoka Uswisi, walifungua kiwanda cha vigae Mangalore, pwani ya magharibi ya India. Mwaka huo ukabaki kwenye kalibu miaka na miaka, kama chupa ya bia inavyobeba mwaka kampuni ilipoanzishwa. Hakuna anayedhani bia yenyewe ina umri huo. Na mkikuta neno Commonwealth, basi kigae ni cha karibuni zaidi: baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia Waingereza walivichukua viwanda vya misheni hiyo na kuvikabidhi kwa kampuni ya Commonwealth Trust.

Halafu piga hesabu ya mabega. Kigae kimoja cha aina hiyo kina kilo mbili na kitu, na paa la nyumba ya kawaida linakula vigae 1,500 hivi. Kabla ya reli kila kitu kilipanda huku kichwani mwa wapagazi, mzigo wa frasila mbili kila mmoja, yaani kilo 32 hivi. Ni watu zaidi ya 100 kutoka pwani, siku nyingi njiani, kwa ajili ya paa tu. Mwaka 1865 nani angewalipa? Wazungu waliokwisha kuuona mlima huu walikuwa wachache wa kuhesabika: Rebmann aliyefika 1848, von der Decken na wenzake mwaka 1861 na 1862. Walikuja, wakastaajabia theluji, wakaondoka. Hawakuezeka.

Na mji wenyewe haukuwapo. Ukisoma “Moshi” katika barua za wasafiri wa karne ile, ni Old Moshi ya leo, kule juu kwa mtawala wa Kichaga, Mangi Rindi, ambaye wageni walimwita Mandara. Hata boma la Wajerumani la 1893 lilijengwa kule kule. Hapa bondeni palikuwa nyika. Watu waliishi juu kwenye migomba na maji. Mji huu wa chini ulianza kuwa mji reli ya Tanga ilipofika mwaka 1911. Kwa hiyo nyumba yenu, hata tukiipendelea, ni ya 1911 au baada ya hapo.

Sasa chumba cha chini. Hizo pete mbili ndizo zinazonitatiza, si kwa sababu ni za kutisha, bali kwa sababu hadithi mbili zimefungwa kamba moja. Mtu anayekimbia utumwa ukimficha nyumbani kwako, humfungi kwenye pete. Ama chumba kilikuwa jela ya watumwa, ama kilikuwa maficho yao. Pete za chuma ukutani zilifungiwa punda, zikaning'inizia taa, zikashikilia kamba za mizigo. Na mfanyabiashara wa mji wa reli, mwenye magunia na marobota, alihitaji stoo yenye ubaridi kuliko alivyohitaji handaki la siri.

Najua picha aliyonayo kaka yako, nami nimeipenda tangu ujana. Iko Marekani. Katika mji wa Fountain City, jimbo la Indiana, ipo nyumba ya Levi Coffin na mkewe Catharine, iliyojengwa 1839. Chumba kimoja cha juu kina kimlango kidogo. Kitanda kikisogezwa mbele yake, mlango hauonekani, na nyuma yake watu waliotoroka mashamba ya kusini walijibana wakingoja usiku. Ile nyumba ni ya kweli na siri yake ni ya kweli. Lakini ilihitaji siri kwa sababu ya sheria ya kwao: mwenye mtumwa aliruhusiwa kumfuata mpaka majimbo ya kaskazini yasiyo na utumwa, na sheria ya 1850 ikaongeza ukali. Aliyefaulu kuvuka mpaka wa Kanada aliponea hapo. Huku kwetu hapakuwa na mpaka ambao ukiuvuka unakuwa huru. Ndiyo maana maficho ya huku hayakufanana na ya kule, na ndiyo maana kibao cha kaka yako kingeisimulia Indiana kwa jina la Moshi.

Vyumba vya chini vina kawaida ya kuvuta hadithi, hata palipo na historia nzito kuliko yenu. Kule Mkunazini, Unguja, watalii huonyeshwa vyumba vya giza chini ya jengo la St. Monica. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na jengo hilo lilijengwa na misheni baada ya hapo. Mateso ya soko lile hayana ubishi. Umri wa kuta ni swali lingine.

Basi, hapa Kilimanjaro watu walikimbilia wapi?

Misafara ilipanda kutoka Pangani, Tanga na Mombasa kufuata pembe za ndovu, na ikishuka ilishuka na watu. Ilileta nguo, shanga, bunduki na baruti, na wamangi wenye nguvu walikuwa na haja kubwa ya bunduki kwa sababu walipigana wao kwa wao. Mandara wa Moshi na Sina wa Kibosho ndio waliovuma zaidi. Mateka wa vita, hasa wanawake na watoto, waliuzwa. Upareni na Usambaani hali ilikuwa mbaya vilevile: Kimweri ye Nyumbai alipofariki mwaka 1862, ugomvi wa urithi wake ulizaa vita, na vita vikazaa bidhaa ya watu. Ninataja haya kwa sababu huku mlimani watu hupenda kusimulia kana kwamba utumwa ulikuwa jambo la pwani, sisi tulipitiwa tu. Tulipitiwa, ndiyo, na tuliuza pia.

Sasa fikiria mama wa Kipare aliyechomoka msafarani usiku, jirani na Kahe. Mbele yake nyika, simba na kiu. Lakini hatari kubwa kuliko zote ni binadamu wa kwanza atakayekutana naye, kwa sababu mtu asiye na mwenyewe alikuwa mali ya atakayemwona. Kurudi kwao ni siku kadhaa, na pengine kwao kumeshachomwa moto. Anachohitaji si ukuta wa kujificha nyuma yake. Anahitaji mtu wa kusema mbele za watu, “Huyu ni wangu.” Mangi, mzee wa ukoo, mwanamume mwenye kihamba, yaani shamba la migomba la ukoo, anayetafuta mke, padre, yeyote mwenye sauti. Wakati mwingine aliyesema hivyo alimfanya mtoto wake, wakati mwingine alimfanya mtumwa wake kwa jina jingine, na mara nyingi mambo hayo mawili yalichanganyika mpaka kizazi cha pili kikawa hakijui tofauti.

Wengi zaidi waliokwepa utumwa hapa waliukwepa kabla haujawashika. Yale mapango yanayoonyeshwa Marangu, yaliyochimbwa chini kwa chini, yalikuwa ya kujificha watu na ng'ombe adui anapoingia. Hilo ndilo jengo la maficho ambalo kweli ni la mlima huu, na halina paa la kigae. Kule upande wa mashariki, msitu wa Taveta nao ulipokea kila aina ya watu waliofurushwa kwao; Wataveta wenyewe ni mchanganyiko wa Wapare, Wataita, Wachaga na wengineo waliokutana humo.

Misheni je? Hapa ndipo hadithi nyingi za familia huegemea, na ndipo pa kwenda taratibu. Waanglikana wa CMS, chama cha wamisionari wa Uingereza, walifika kwa Mandara mwaka 1885. Walikuwa wachache, waliishi kwa hisani ya mangi, na ni vigumu kumhifadhi mtoro wa mtu ambaye ndiye anayekuruhusu kulala. Mwaka 1892, baada ya vita kati ya Mangi Meli, mwana wa Mandara, na Wajerumani, walihamia Taveta. Walutheri wa Leipzig walikuja 1893, wakaanzia Machame. Kule pwani ilikuwa tofauti: Rabai, nyuma ya Mombasa, watoro walijaa misheni mpaka mabwana zao wakatishia kuivamia, na mwanzoni mwa 1889 kampuni ya Waingereza ililipa fidia ili watoro zaidi ya 1,000 wapewe hati za uhuru.

Kilema ndiko kunakokuhusu wewe. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika huko mwaka 1890, wakapokewa na Mangi Fumba. Walitoka Bagamoyo, walikokuwa wamefungua misheni mwaka 1868. Kazi yao Bagamoyo ilikuwa kununua watoto na vijana watumwa, kuwalea, kuwafundisha kazi na dini, kuwaoza na kuwapa nyumba katika kijiji cha misheni. Walipofungua vituo bara, walikwenda na Wakristo waliolelewa hivyo. Lakini angalia neno. Watu wale hawakutoroka. Walikombolewa, kwa fedha. Wenyewe waliijua tofauti vizuri, na aliyekombolewa hakuwa na uhuru wote wa kwenda atakako. Basi kama mama yake babu alizaliwa Kilema miaka ile ya mwanzo, huenda alicheza na watoto wa watu ambao baba au mama yao alivaa mnyororo kweli.

Nimefika kwenye sentensi yenyewe, na nikwambie wazi kwamba ndiyo yenye thamani katika barua yako, kuliko kigae, pete na chumba. “Nyumba yetu ilipokea watu waliokimbia minyororo.” Kila mtu kwenu ameisikia akatazama ukuta. Lakini bibi yule alizaliwa Kilema, na nyumba ya mjini ilinunuliwa 1958, yeye akiwa mtu mzima mwenye wajukuu. Kwa nini aliposema “nyumba yetu” awe anaisema ile ya mwanawe? Kwa Kiswahili nyumba ni watu kabla ya kuwa mawe. Tunasema nyumba kubwa na nyumba ndogo, tunasema wa nyumba ya fulani, na mwanamume akisema “watu wa nyumbani” hamaanishi wapangaji. Mimi naisikia kauli ile kama kauli ya ukoo: sisi ndio tuliowapokea, tukawapa migomba, wakawa wa kwetu. Familia ikahamia mjini, bibi akafariki, maneno yakabaki bila kwao, yakatafuta kuta za kukaa.

Hilo ni neno la kwanza. La pili ni minyororo, nalo linanizuia nisifunge mlango wote.

Enzi ya Mjerumani, kufungwa mnyororo lilikuwa jina la kifungo. Wafungwa walifungwa shingoni, wamepangwa mmoja nyuma ya mwingine, wakipelekwa kuchota maji na kujenga barabara. Wazee wa enzi ile hawakusema “alifungwa miezi mitatu”, walisema mnyororo. Vita ilipoingia 1914 watu walikamatwa kwa nguvu kubeba mizigo ya majeshi, kwanza ya Mjerumani, na tangu Machi 1916, Waingereza walipouteka Moshi, ya Mwingereza. Wapagazi walikufa kwa maelfu, na walioweza walitoroka. Mtu aliyetoroka mzigo wa vita mwaka 1916 akapita mji huu usiku, akapewa chakula na mahali pa kulala, naye angeitwa aliyekimbia minyororo, na wakati huo nyumba yenu huenda ilikwisha kusimama. Sikwambii kwamba ndivyo ilivyokuwa. Nakwambia kwamba kati ya hadithi zote mnazoweza kuipa nyumba ya mjini, hiyo peke yake ndiyo inayokubaliana na umri wake bila kulazimishwa.

Kuna na jambo la sheria ambalo watu hulisahau, tena wasomi. Wajerumani hawakuufuta utumwa. Walipiga marufuku biashara yake, wakaruhusu mtumwa ajikomboe, na mwaka 1904 wakatangaza kwamba mtoto wa mtumwa atakayezaliwa baada ya mwisho wa 1905 atakuwa huru. Walitoa hati za uhuru zaidi ya 50,000 katika koloni zima. Lakini aliyekuwa mtumwa bila hati aliendelea kuwa mtumwa mpaka Mwingereza alipoupiga marufuku Tanganyika mwaka 1922. Mama yake babu aliishi ujana wake wote katika nchi ambayo utumwa ulikuwa halali. Kwa hiyo “watu waliokimbia” si lazima wawe wa zama za Mandara. Huenda aliwaona kwa macho yake.

Hadithi zipo tatu basi, na swali moja linaweza kuzitenganisha. Muulize shangazi, mapema, maana umesema ana miaka themanini na kitu. Usimuulize kama chumba cha chini kilitumika. Usimuulize mwaka. Muulize hivi: “Shangazi, bibi aliposimulia, nani alikuwa anawafuata wale watu?” Akisema watu wa msafara, au watu wa mangi fulani, uko Kilema au mbele zaidi, kabla ya Mjerumani kutulia. Akisema askari, uko mjini au njiani, kati ya 1893 na 1918. Akisema hakuna aliyewafuata, walikuja na mapadre, basi ni waliokombolewa, na sehemu ya pili ya kutafuta ni vitabu vya ubatizo vya parokia ya Kilema, kwa ruhusa ya paroko. Mnatafuta majina yasiyo na ukoo wa Kichaga, na wasimamizi wa ubatizo. Jina la babu zenu likirudia rudia kama msimamizi wa watu wa namna hiyo, hapo mmepata kitu ambacho hakuna chumba cha chini kinachoweza kuwapa.

Fungueni pia sanduku la bibi kama lipo. Karatasi kuukuu yenye neno Freibrief ndiyo hati ya uhuru ya Mjerumani. Msiipige plastiki, msiibandike gundi, iwekeni kwenye bahasha safi ya karatasi mpaka mtu wa Nyaraka za Taifa aione. Kwa nyumba yenyewe, ofisi ya ardhi itawaonyesha kiwanja kilipimwa lini na kimepita mikononi mwa nani. Hapo ndipo mtakapopata umri wa kuta.

Na adabu moja. Huko Kilema msiende kuuliza ukoo gani ni wa watumwa. Waliopokewa walipewa kihamba, wakapanda mimea ya masale mipakani kama watu wote, wakaoa na kuolewa, na makubaliano ya kimya yalikuwa kwamba hakuna atakayewakumbusha. Kuna kaya ambazo leo zingeaibika, na nyingine zitakufukuza. Ulizeni kihamba kilitolewa na nani, na kwa nani. Wazee watajua mnachouliza, na anayetaka kujibu atajibu.

Kaka akikasirika kwamba nimemharibia kiingilio, mwambie nyumba ya mfanyabiashara wa mji wa reli, yenye vigae vya Mangalore na stoo ya chini, ni kitu ambacho Moshi inakipoteza kila mwaka. Mafundi hununua vigae hivyo kwa bei ya kutupa, wakaenda kuezekea baa. Msikubali. Na kile mtakachokishusha ili kukisoma, kirudisheni juu kabla ya masika.